Kesi stadi ya moyo upande wa kulia nimepewa 56, mwenzangu wa mkono uliovunjika kapata 79. Hawa wanasahihishaje?

#1 Mtoto wa Kaseti

Wakuu, salaam. Nimeumia, nisikilizeni kwanza ndipo mnicheke.

Niko mwaka wa tatu, kozi ya mionzi, chuo sikitaji maana bado nakihitaji cheti chao. Fildi iliyopita kila mmoja alitakiwa kukusanya kesi stadi moja ndefu, kurasa kumi na mbili hadi kumi na tano. Wenzangu wakakimbilia mikono iliyovunjika na vifua vya TB. Mimi Mungu akanijalia. Zamu ya jioni akaingia dada wa miaka 26, kikohozi cha miaka na miaka, fomu imeandikwa "picha ya kifua" basi. Napiga, natazama kwenye skrini: moyo uko kulia, ini kushoto, kiputo cha hewa cha tumbo kulia. Situs inversus, wakuu! Kila kiungo kimehamia kwa jirani. Vitabu vinasema inampata mtu mmoja kati ya maelfu. Nikajisemea hapa A ni yangu, watanipigia na makofi.

Majibu yametoka: 56. Mwenzangu tuliyekuwa naye fildi moja, kesi yake mama kateleza bafuni kavunjika mkono, basi, kapata 79.

Wanaojua naomba waniambie, hawa watu wanatumia mizani au wanarusha karatasi ngazini, inayofika juu ndiyo A? Picha nimeiambatisha hapa chini muone wenyewe kama hii ni kesi ya 56.

#2 Chapati Moto

Pole mkuu. Moyo wako sasa hivi uko upande gani?

#3 Nyali_254

Kabla ya lingine lolote, toa hiyo picha. Kona ya juu yanasomeka majina yote matatu ya huyo dada, namba ya faili, na jina la hospitali. Toa sasa hivi.

#4 Msimamizi wa Jukwaa

Picha imeondolewa. Mtoto wa Kaseti, hili ni onyo la kwanza. Taarifa za wagonjwa haziwekwi hapa hata ziwe na mafunzo kiasi gani.

#5 Mtoto wa Kaseti

Duh. Nisameheni, niliipiga na simu haraka haraka kwenye skrini, sikuangalia kona. Lakini kwenye ripoti niliyokusanya jina nililiziba.

#6 Nyali_254

Na namba ya faili?

#7 Mtoto wa Kaseti

...namba ilibaki.

#8 Nyali_254

Basi alama zako kadhaa tumeshajua zilikokwenda. Mimi niko Mombasa, nimemaliza miaka minne iliyopita, na sisi tulipokuwa atachimenti mwalimu alikuwa anaanza kusoma kesi kutoka kwenye kona ya picha, si kutoka ukurasa wa kwanza. Akikuta jina au namba, anakurudishia hajasoma hata mstari. Huku tuna sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na ninyi Tanzania mna yenu ya 2022. Zote mbili zinaziweka habari za afya katika kundi la taarifa nyeti. Mtu yeyote mwenye ufunguo wa chumba cha kumbukumbu na hiyo namba anampata huyo dada kwa dakika mbili.

#9 Mtoto wa Kaseti

Nimekubali kosa hilo, sibishi. Lakini halielezi alama 44. Nimefanikiwa kupata mchanganuo wa wasahihishaji wote wawili, nauandika hapa. Mwongozo wenyewe hatukuwahi kuonyeshwa kabla, mimi nauona leo kwa mara ya kwanza.

Historia ya mgonjwa (10): 8 na 8
Sababu ya kipimo (10): 7 na 5
Namna ya upigaji (20): 13 na 9
Kinga ya mionzi (10): 6 na 2
Tathmini ya picha (20): 9 na 4
Matokeo na uhusiano na ugonjwa (15): 12 na 10
Mjadala (10): 8 na 8
Maadili na uwasilishaji (5): 3 na 0

Wa kwanza 66, wa pili 46, wamegawa kwa mbili. Watu wawili wamesoma karatasi moja wakapishana alama ishirini! Sasa niambieni si bahati nasibu hiyo?

#10 Simba wa Uyui

Huyo wa pili mlikosana wapi?

#11 Bibi Gridi

Mwanangu, nimesahihisha hizi kesi kwa zaidi ya miaka ishirini, za stashahada na za shahada, kwenye vyuo viwili. Sikujui wala hunijui, kwa hiyo nitasema kama ninavyoona.

Chukua hilo jedwali lako usome mistari yote minane. Nionyeshe mstari ulioandikwa "ugonjwa adimu". Haupo. Hata mimi kesi ya ajabu hunifurahisha, naiita ofisi nzima waje waone, halafu nakaa chini nasahihisha na ajabu lote halina pa kuandikwa alama. Mgonjwa ndiye aliyekuja na moyo wake upande wa kulia. Wewe hukuuweka. Ninachopima ni ulichofanya wewe tangu alipoingia mlangoni hadi alipotoka, na kwa nini ulifanya hivyo na si vinginevyo.

Ona alama nyingi zilipo: namna ya upigaji 20, tathmini ya picha 20. Hiyo ni arobaini. Matokeo ni 15 tu, kwa sababu kusoma picha na kutoa ripoti ni kazi ya daktari wa radiolojia, wewe unatazamiwa utambue kwamba kuna kitu na uweze kukieleza. Nina hakika kurasa zako zaidi ya nusu zinaeleza situs inversus ni nini, nani aliigundua, inarithiwaje. Nimekosea?

Nijibu na haya matatu. Uliandika umbali na ekspoja, yaani kiasi cha mionzi ulichoweka? Sehemu ya tathmini ya picha uliandika nini, neno kwa neno? Na maka ya upande, ile herufi R ya kulia au L ya kushoto, uliiweka wapi?

#12 Mtoto wa Kaseti

Shikamoo mama. Hujakosea, kurasa saba ni za ugonjwa.

Umbali nimeandika sentimita 180. Ekspoja nimeandika "iliwekwa kulingana na umbo la mgonjwa". Ukweli nilibonyeza "kifua, mtu mzima" mashine ikapanga yenyewe.

Tathmini ya picha: "Picha ina ubora mzuri na inafaa kwa uchunguzi." Ilikuwa hiyo na sentensi nyingine moja inayofanana na hiyo.

Maka niliiweka kwenye kompyuta baada ya kupiga. Zile herufi za madini ya risasi pale hospitali zilipotea kabla hata sisi hatujafika, kila mtu anaandika L kwa kompyuta.

#13 Bibi Gridi

Marahaba. Hapo kwenye maka ndipo kesi yako ilipolala, mwanangu, na yenyewe ilikuwa nzuri kweli.

Fikiri taratibu. Chukua picha ya kifua cha mtu mzima asiye na tatizo lolote, uigeuze kama kitambaa, kulia kuwe kushoto. Utaona nini? Moyo kulia, ini kushoto, kiputo cha tumbo kulia. Ni picha ileile uliyonayo, hakuna jicho duniani litakalozitofautisha. Na picha kugeuka si jambo la ajabu: ukichagua AP kwenye mashine (mionzi inaingia kwa mbele ya mgonjwa) badala ya PA (inaingia kwa mgongoni), zipo programu zinazoionyesha kinyume bila kukuuliza. Sasa mimi msahihishaji naletewa picha ya moyo kulia. Swali langu la kwanza siyo "jamani, situs inversus!" Swali langu ni: utanithibitishiaje kwamba hukugeuza picha?

Herufi ya risasi iliyokaa ndani ya mwanga wa mashine kabla ya kupiga inajibu. Picha ikigeuka, nayo inageuka, R inasomeka kinyumenyume na wewe umekamatwa. Herufi ya kompyuta haijibu kitu. Inaniambia tu aliyekuwa kwenye kibodi aliamini nini. Katika mkono uliovunjika, maka ya kompyuta ningekukata alama mbili nikaendelea. Katika kesi yako wewe, maka ndiyo ushahidi wenyewe. Ulileta kesi ambayo inasimama au kuanguka kwa herufi moja, na hiyo herufi hukuwa nayo.

#14 Chapati Moto

Aisee. Nimesoma hiyo mara mbili na mimi nauza vipuri vya pikipiki.

#15 DktSubuhi

Nimependa uzi huu. Mimi ni daktari, nasomea radiolojia, na nimewahi kusaidia kusahihisha. Naomba nibashiri: msahihishaji wa kwanza aliyekupa 66 ni daktari, wa pili ni mteknolojia wa mionzi.

Sisi madaktari tukipokea kesi macho yanakimbilia matokeo na mjadala. Nadhani ulitaja kikohozi cha muda mrefu, ukaunganisha na ugonjwa wa vinyweleo vya njia ya hewa kutofanya kazi, ukasema karibu nusu ya wenye ugonjwa huo wanakuwa na situs inversus, ukataja mafua ya sinasi na mirija ya mapafu iliyotanuka. Hapo nakupa nane yangu nafurahi. Mteknolojia yeye anauliza mkono wako ulifanya nini. Hakuna anayekuonea, ila mmoja anasahihisha picha na mwingine anamsahihisha mpigaji.

Kwa hiyo alama ishirini za tofauti hazinishangazi, lakini kuzigawa kwa mbili tu kunanishangaza. Nilikopitia mimi, wakipishana zaidi ya kumi walikuwa wanaitwa wakae pamoja, kila mmoja aeleze, na wasipokubaliana karatasi inaenda kwa wa tatu. Ukichukua wastani wa watu wawili waliopima vitu viwili tofauti, hiyo namba ya katikati haijapima chochote.

Swali moja: yule dada alipigwa ultrasaundi?

#16 Mtoto wa Kaseti

Alipigwa kesho yake. Ripoti ilikuwa kwenye faili, ini lilionekana kushoto na wengu kulia.

#17 DktSubuhi

Na kwenye kesi uliiandika?

#18 Mtoto wa Kaseti

Hapana. Niliona kesi yangu ni ya eksirei.

#19 DktSubuhi

Ndugu yangu. Ushahidi ulikuwa nao mkononi ukauacha kwenye faili. Maka huna, sawa, imepotea, hospitali zetu tunazijua. Ungeandika sentensi tatu: maka ya risasi haikuwepo, kwa hiyo picha peke yake haithibitishi upande, nimeangalia projeksheni niliyochagua ni PA, na ultrasaundi ya kesho yake imethibitisha ini liko kushoto. Hata stetoskopu ingekusaidia, mapigo ya moyo yangesikika vizuri kulia. Kwa sentensi hizo tatu huyo aliyekupa 4 kwenye tathmini angekupa 13 au 14 akiwa anatabasamu.

#20 Simba wa Uyui

Mimi naona mnamwonea dogo. Mwongozo hakuupata. Unamwambiaje mtu alama arobaini ziko kwenye upigaji na tathmini baada ya kusahihisha? Ni sawa na kumwambia mchezaji baada ya filimbi kwamba leo magoli yalikuwa yanahesabiwa ya kichwa tu.

#21 Bibi Gridi

Hilo sikupingi. Kwenye chuo kimoja nilichofundisha tulikuwa tunauficha mwongozo, na hoja ya wakubwa ilikuwa kwamba wakiuona wataandika kwa kujaza visanduku. Nilikuwa upande huo miaka mingi. Nikaja kugundua kwamba wenye kaka na dada waliotangulia wanao tayari, wanarithishana kwenye simu. Anayebaki gizani ni yule asiye na mtu. Sasa ninaugawa siku ya kwanza ya fildi na ninakaa nao saa nzima tunasahihisha pamoja kesi mbili za zamani, moja nzuri moja mbovu. Wanashangaa sana wakigundua mbovu ndiyo yenye picha ya ajabu.

Na kwa kuwa nimetaja kurithishana: kesi zenyewe pia zinarithiwa, msidhani hatuoni. Kuna mwaka nilisoma kesi ya kifua inayoeleza kwa kirefu jinsi filamu ilivyopelekwa chumba cha giza ikapitishwa kwenye dawa. Hospitali hiyo ilikuwa imeshahamia dijitali, na chumba cha giza walikuwa wamekifanya stoo ya viti vibovu. Msimamizi wa fildi alikuwa amegonga muhuri kila ukurasa.

#22 Chapati Moto

😂😂 Stoo ya viti vibovu nimekufa.

#23 Zamu ya Usiku

Nipo kazini miaka kumi na moja, mkoani. Nimekaa kimya nasoma ila kuna kitu kwenye kinga ya mionzi. Dogo, ile 2 ya 10 waliandika sababu?

#24 Mtoto wa Kaseti

Ndiyo, pembeni kwa kalamu nyekundu. "Hakumvalisha mgonjwa eproni ya risasi." "Hakuuliza siku za hedhi / ujauzito." "Hakuna ekspoja, hakuna namba ya kipokezi."

#25 Zamu ya Usiku

Hapo sasa nakutetea, na nakutetea kwa hoja siyo kwa huruma.

La tatu ni haki yao kabisa. Mashine ya dijitali inadanganya macho. Zamani ukizidisha mionzi filamu inakuwa nyeusi, mwalimu anakuona kutoka mlangoni. Siku hizi programu inasawazisha, picha inatoka safi hata kama umempa mgonjwa mara mbili ya alichohitaji. Ndiyo maana kuna namba ya ekspoja, hiyo waliyoiita ya kipokezi (bamba linalopokea mionzi), na tangu 2008 kuna kiwango cha IEC, tume ya kimataifa ya viwango vya vifaa vya umeme, chenye namba ya mkengeuko: sifuri maana yake umelenga, jumlisha tatu maana yake kipokezi kimepata karibu mara mbili ya lengo. Usipoiandika, huwezi kusema lolote kuhusu kinga, hata ukinakili kurasa nzima za ICRP, tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi.

La kwanza silikubali. Eproni kwa mgonjwa wa picha ya kifua ni mazoea tuliyofundishwa zamani. AAPM, chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani, walisema wazi mwaka 2019 kwamba kuwafunika wagonjwa viungo vya uzazi kama jambo la kila siku kuachwe, na mwaka 2021 baraza la kinga ya mionzi la hukohuko Marekani, NCRP, likasema hivyo kwa picha za nyonga na tumbo. Sababu zinaeleweka: mionzi mingi inayofika kwenye uzazi wakati wa picha ya kifua inatawanyika kutoka ndani ya mwili wenyewe, eproni ya nje haiizuii. Na ikiingia kwenye eneo linalopimwa na mashine inayojipangia ekspoja, mashine inaona giza inaongeza mionzi. Ukafunika ili upunguze, ukaongeza. Kinga ya kweli pale ni kubana mwanga uishie kwenye kifua. Je, uliandika ulibana wapi?

La pili nusu kwa nusu. Swali la ujauzito kwa sehemu nyingi linalazimika pale mwanga unapopita kati ya kiwambo cha pumzi na magoti. Kifua kilichobanwa vizuri hakifiki huko, na dozi ya mtoto tumboni inakuwa ndogo mno. Picha nzima ya kifua ya PA kwa mtu mzima ni kama milisiveti 0.02, wakati siti skani ya tumbo inakimbilia milisiveti nane na kuendelea. Kuuliza ni adabu nzuri, mimi nauliza. Lakini kumkata mtu alama kwa kutouliza wakati wa kifua ni kusahihisha kwa mwongozo uliozeeka.

#26 Bibi Gridi

Zamu ya Usiku, kwenye eproni umenigusa, nimewakata watu alama hizo nyingi tu. Ningeongeza jambo moja: kama sera ya hospitali aliyokuwepo inasema mgonjwa avalishwe, mwanafunzi haji kuivunja kwa sababu kasoma mtandaoni. Afuate, au amuulize msimamizi, kisha kwenye kesi aandike sera inasema hivi na mapendekezo mapya yanasema hivi. Mwanafunzi aliyeandika aya ya namna hiyo nampa kumi ya kumi hata kama mwongozo wangu ni wa mwaka wa kuku.

#27 Mtoto wa Kaseti

Nilibana kuanzia juu ya mabega hadi chini ya mbavu. Nililiandika hilo, ila kwenye historia ya mgonjwa, sijui kwa nini.

#28 Chapati Moto

Uliliweka upande usio wake. Kesi na mwandishi wanafanana.

#29 Kidoti wa 79

Haya. Mimi ndiye mwenzake wa "kavunjika mkono, basi". Nimetumiwa uzi na watu watatu tofauti. Kaseti, hilo neno "basi" tutaliongea kwenye daladala.

Niseme nilivyofanya maana wengine wanaweza wakadhani nilihonga. Mama wa miaka 61, kaanguka kiganja kikiwa wazi, kifundo cha mkono kimeinuka kama mgongo wa uma. Mvunjiko wa Colles, ule aliouandika daktari wa Ireland mwaka 1814 kabla hata eksirei hazijazaliwa. Hakuna mtahini ambaye hajaona elfu. Nikajua kwa ugonjwa siwezi kumshtua mtu.

Picha yangu ya kwanza ya pembeni ilikuwa mbovu. Mama alikuwa na maumivu, hakuweza kusimamisha mkono, ile mifupa miwili ya mkono badala ya kulaliana ikapishana. Nilitaka kuifuta. Msimamizi wangu akaniambia usifute, hiyo ndiyo kesi yako. Nikaziweka zote mbili kwenye ripoti. Nikaeleza picha ya kwanza inakosa nini na kwa nini daktari wa mifupa asingeweza kupima pembe ya mvunjiko kwayo. Nikaeleza nilivyoacha kuzungusha mkono wa mama, nikazungusha bomba la mashine na kukiegemeza kipokezi kwenye sponji ili mwanga uje kwa ubavu, mkono ukiwa palepale ulipo. Nikaandika ekspoja zote mbili, nikajumlisha dozi, nikajiuliza kama kurudia kulistahili, nikajibu ndiyo kwa sababu zangu.

Tathmini ya picha nilipata 18 na 17. Ugonjwa wenyewe niliuandika ukurasa mmoja na robo.

#30 Simba wa Uyui

Kumbe kukosea kunalipa.

#31 Bibi Gridi

Kukosea hakulipi. Picha iliyorudiwa bila maelezo ningemkata. Huyu binti nimemwona kazini bila kumwona. Nikisoma kesi yake najua kesho nikimwacha peke yake na bibi mwenye maumivu hatamvuta mkono.

#32 Nyali_254

Kaseti, kwa picha ya kifua hebu jaribu sasa hivi kuandika tathmini kama ungekuwa unaanza upya. Picha unaikumbuka.

#33 Mtoto wa Kaseti

Sawa. Ncha za ndani za mitulinga ziko umbali sawa na miiba ya uti, kwa hiyo hakuzunguka... au kidogo sana, ya kushoto ilikuwa karibu zaidi. Mbavu za nyuma juu ya kiwambo nilihesabu tisa, pumzi inatosha. Kona zote mbili za chini za mapafu zipo. Mfupa wa bega wa kulia umeingia kwenye pafu, sikumsukuma mabega mbele vya kutosha. Uti unaonekana kwa mbali nyuma ya moyo. Maka ya risasi haipo.

Nimeandika kwa dakika nne. Nina hasira.

#34 DktSubuhi

Hizo dakika nne zilikuwa na thamani ya alama kumi. Rufaa iko palepale. Usiandike "kesi yangu ni adimu". Andika mambo mawili tu: tofauti ya alama ishirini haikupelekwa kwa msahihishaji wa tatu, na eproni pamoja na swali la ujauzito vilikatwa kinyume na mapendekezo ya sasa. Ambatisha mapendekezo. Usimtaje mtu.

#35 Simba wa Uyui

Na usiandikiwe na roboti. Kuna jamaa hapa kaandikiwa barua ya rufaa ikaanza na "Natumaini barua hii inakukuta katika hali njema", mkuu wa idara akaisoma kwa sauti darasani.

#36 Mtoto wa Kaseti

Wakuu, mrejesho baada ya wiki tatu. Nilipeleka barua ya ukurasa mmoja. Ilipita kwa msahihishaji wa tatu, mtu wa nje ya chuo. Kanipa 61. Kinga ya mionzi kanirudishia hadi 7, ya eproni kaifuta kabisa na kaandika pembeni "sahihi". Tathmini ya picha kaniacha na 4. Maadili kaniacha na 0. Chini kabisa kaandika: "Ultrasaundi iko wapi?"

Mwongozo tumeahidiwa kwamba wa mwaka unaofuata watapewa mapema. Sisi ndiyo hivyo tena.

Fildi ya mwisho naanza Jumatatu. Maka za risasi zinauzwa wapi hapa Dar? Duka la vifaa tiba nilikoingia bei waliyonitajia nikadhani wananiuzia mashine nzima.

#37 Zamu ya Usiku

Sisi mkoani tulikunja waya mgumu ukawa herufi, tukaubandika kwenye plasta. Unaonekana vizuri tu. Risasi usiyeyushe mwenyewe, moshi wake ni sumu.

#38 Kidoti wa 79

Nina jozi mbili, alinipa dada mmoja aliyestaafu. Njoo uchukue moja. R yake imepinda kidogo ila inasomeka.